Kupima vinasaba vya mtoto anayevunjika mifupa ovyo: mwongozo kamili, kuanzia eksirei hadi majibu

Mashine ya kusoma vinasaba haijui kwamba mtoto amevunjika paja mara tatu. Inasoma herufi, inazilinganisha na za kumbukumbu, kisha inatoa orodha ya tofauti, na kila binadamu anazo nyingi. Anayeijua habari ya paja ni wewe uliyejaza fomu. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu ni kazi ya kabla ya damu ya vinasaba kutolewa. Huko ndiko fedha za familia zinakopotelea: kimeagizwa kipimo kisichofaa, au kimeagizwa kipimo kizuri kwa ugonjwa ambao si wa kurithi kabisa.

Mfano wetu mkuu ni osteojenesisi imperfekta, ugonjwa ambao wengi huuita mifupa ya kioo na madaktari huufupisha OI. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya kurithi ya mifupa, toleo la 2023, ina magonjwa 771 yanayotokana na jeni 552. Hapa tutataja tu majirani wa OI wanaochanganywa nayo, pamoja na wachache ambao kuchelewa kuwatambua kuna madhara makubwa.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza yaliyo ya kawaida

Afrika Mashariki, mtoto mwenye miguu iliyopinda ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na matege ya lishe, yaani upungufu wa vitamini D au kalsiamu, kuliko ugonjwa wa jeni. Ukanda wa Arusha, Meru na Kilimanjaro una jambo lake la ziada: maji ya sehemu nyingi yana floraidi kupita kiasi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huiongeza. Floraidi hupinda mifupa na kutia meno madoa ya kahawia, na meno hayo yamewahi kudhaniwa kuwa ya OI. Namna ya kuyatofautisha iko hatua ya 2.

Chukua damu asubuhi kabla mtoto hajala, upime kalsiamu, fosfeti, ALP (kimeng'enya cha fosfatezi ya alkali), kreatinini, vitamini D ya aina ya 25-hidroksi, na PTH (homoni inayodhibiti kalsiamu ya damu). Saa hiyohiyo chukua mkojo wa pili wa asubuhi, upimwe fosfeti na kreatinini. Kwa kawaida picha huwa hivi:

- OI: vyote viko sawa, au karibu sawa.
- Matege ya lishe: ALP juu, PTH juu, vitamini D chini, au chakula hakina kalsiamu.
- Matege ya kurithi ya kupoteza fosfeti (XLH, jeni ya PHEX): fosfeti chini, kalsiamu sawa, ALP juu, PTH sawa au imepanda kidogo.
- Haipofosfatasia (ugonjwa wa kurithi wa mifupa laini kwa upungufu wa ALP, jeni ya ALPL): ALP chini.

Mitego iko mitatu, na yote tunaikuta kwenye mafaili ya rufaa.

Wa kwanza ni tyubu. Ukipima ALP kwenye damu iliyowekwa katika tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, EDTA hunyakua zinki na magnesiamu ambazo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila yake. ALP hushuka kwa uongo, na mtoto mzima hupewa jina la haipofosfatasia. Dalili ya kosa hili ni kwamba kalsiamu nayo huwa chini mno na potasiamu juu mno katika sampuli hiyohiyo. Tumia tyubu ya seramu, nyekundu au ya manjano, na ijaze kabla ya zambarau.

Wa pili ni viwango vya watu wazima. Maabara nyingi huchapa kiwango kimoja kwa umri wote. ALP ya 60 U/L kwa mtu mzima ni sawa kabisa. Kwa mtoto wa miaka 5, ambaye kwa kawaida huwa juu ya takriban 140, ni chini sana. Fosfeti ina tatizo hilohilo: 0.9 mmol/L hupita bila alama ya onyo, ilhali mtoto mdogo anatakiwa awe juu ya takriban 1.2. Watoto wa XLH na wa haipofosfatasia hupotea miaka kwa sababu ya safu moja ya karatasi isiyobadilishwa. Usiangalie alama ya maabara peke yake, tafuta jedwali la umri.

Wa tatu ni mfupa uliovunjika juzi. Mfupa unapounga, ALP hupanda. Kwa hiyo ALP iliyo juu kidogo baada ya kuvunjika haina uzito, lakini iliyo chini wakati mtoto ana mfupa unaounga ni ya kutilia maanani mara mbili.

Kama fosfeti ya damu iko chini, hesabu kama figo inaimwaga. Zidisha fosfeti ya mkojo kwa kreatinini ya damu. Zidisha fosfeti ya damu kwa kreatinini ya mkojo. Gawa la kwanza kwa la pili, kisha toa jibu kutoka 1. Hiyo ni sehemu ya fosfeti inayorudishwa na figo. Fosfeti ya damu ikiwa chini, figo nzima hurudisha karibu yote. Ukipata chini ya 0.85 figo inavuja. Hakikisha vipimo viko katika yuniti moja: kreatinini ya damu huja kwa mikromoli na ya mkojo kwa milimoli, na asiyebadilisha hupata jibu la ajabu.

Vitamini D ikiwa chini, tibu kwanza. Makubaliano ya kimataifa ya 2016 ni uniti 2,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka 1 hadi 12, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku, kwa angalau miezi 3. Rudia damu na eksirei. Matege ya lishe hupona. Yasiyopona ndiyo ya kupelekwa kwenye jeni. Lakini vitamini D kuwa chini hakumwondoi mtoto kwenye orodha ya OI, kwani anaweza kuwa na yote mawili.

Kuna pia kupigwa. Mtoto asiyetembea aliyevunjika mbavu za nyuma, au aliyenyofoka kona za ncha za mifupa mirefu, achunguzwe kwa jicho hilo pia. Jibu la vinasaba lisitumike kufunga uchunguzi wa ulinzi wa mtoto, wala uchunguzi huo usizuie kipimo.

Hatua ya 2: Mwangalie mtoto, na wazazi wake

Pima urefu, urefu wa kukaa, mtanuo wa mikono na mzingo wa kichwa. Wapime wazazi wote wawili pia. Mama mfupi ambaye weupe wa macho yake una samawati iliyofifia, aliyevunjika mkono mara nne utotoni bila mtu kujiuliza, ni jibu lililokaa kwenye kiti mbele yako.

Weupe wa jicho wenye rangi ya samawati ni dalili nzuri ya OI, ila watoto wachanga wengi wazima wanayo rangi hiyo katika miezi ya mwanzo, na OI ya aina nyingine haina kabisa. Chini ya mwaka mmoja usiipe uzito mkubwa.

Meno ya OI hupitisha mwanga, yana rangi ya kijivu au ya kaharabu, na husagika mapema. Meno ya utotoni ndiyo huathirika zaidi. Kwenye eksirei taji huonekana limevimba, shingo imebanwa na tundu la ndani limezibika. Meno ya floraidi yana mawingu meupe na madoa ya kahawia juu ya ganda, kulia na kushoto sawasawa, hasa meno ya ukubwani, na nusu ya darasa shuleni wanayo.

Angalia vidole gumba vya miguu. Vikiwa vifupi na vimepindia ndani tangu kuzaliwa, na mtoto ana uvimbe mgumu mgongoni au shingoni unaokuja na kuondoka, simamisha kila kitu: huenda ni fibrodisplasia osifikansi progresiva, FOP. Ugonjwa huu hugeuza misuli kuwa mfupa pale inapojeruhiwa. Kukata kipande cha nyama cha kupima na sindano ya msuli huuchochea. Watoto wengi wa FOP hukatwa nyama kwa kudhaniwa wana saratani, na kila kisu kinaweza kuacha kiungo kilichoganda. Damu ya mshipa wa juu inayotolewa kwa uangalifu haina tatizo hilo.

Eksirei zinazotakiwa ni fuvu la mbele na la pembeni, uti wa mgongo wa pembeni, kifua, nyonga, mkono mmoja mzima, mguu mmoja mzima, na kiganja cha kushoto. Kwenye fuvu hesabu vijifupa vya ziada katikati ya maungio: vikizidi 10 na vimejipanga kama vigae, vina maana. Kwenye uti wa mgongo tafuta pingili zilizobonyea, ambazo mara nyingi mtoto hazilalamikii. Tazama mkono wa mbele kati ya mifupa miwili: utando uliogeuka mfupa, kichwa cha redio (mfupa wa mkono wa mbele ulio upande wa kidole gumba) kilichotoka mahali pake, na uvimbe mkubwa wa mfupa mpya baada ya kuvunjika huelekeza kwenye OI aina ya V, na hilo litabadilisha kipimo unachoagiza. Eksirei za zamani zitafutwe, hata kama ni picha ya simu iliyopigwa dhidi ya dirisha. Bamba za ukuaji, yaani sehemu za ncha za mifupa zinazoirefusha, zikishafunga, dalili nyingi hufutika.

Chora ukoo wa vizazi vitatu. Uliza kuhusu kuvunjika, ufupi, meno, uziwi ulioanza ujanani (OI huleta uziwi mara nyingi kuanzia miaka ya 20 na 30), na vichanga waliofariki. Uliza kwa heshima kama baba na mama ni ndugu, hata wa mbali. Kwa familia nyingi za pwani na za Omani ndoa ya binamu ni jambo la kawaida na halina aibu; sema wazi kwamba unauliza kwa sababu linahamisha uzito kuelekea magonjwa ya jeni fiche, ambayo mtoto huyapata akirithi nakala mbovu kwa wazazi wote wawili.

Hatua ya 3: Chagua kipimo

Kosa la kwanza ni kuagiza kromosomu. Kipimo cha kromosomu kwa darubini huona vipande vikubwa vilivyopotea au kuongezeka. Badiliko la herufi moja katika jeni ya kolajeni, protini kuu inayojenga mfupa, hakilioni, na jibu la "kawaida" hukaa kwenye faili kama ushahidi kwamba "vinasaba vimepimwa".

Kuna magonjwa yanayotaka herufi moja tu. Akondroplasia, ufupi wenye miguu na mikono mifupi na paji lililotokeza, husababishwa kwa takriban asilimia 98 na badiliko moja la FGFR3, c.1138G>A. FOP nayo, kwa walio wengi sana, ni ACVR1 c.617G>A. Hapa omba kipimo cha badiliko hilo peke yake, kwa njia ya Sanger, inayosoma kipande kimoja kifupi cha jeni. Ni cha bei ndogo na jibu lake halina utata. Kuagiza jenomu nzima kwa akondroplasia ya wazi ni israfu.

OI ni hadithi nyingine. Asilimia 85 hadi 90 ya wagonjwa wana badiliko katika COL1A1 au COL1A2, jeni mbili za kolajeni ya aina ya I. Jeni hizi ni ndefu: ya kwanza ina eksoni (vipande vyenye maelekezo ya protini) 51, ya pili 52, na mabadiliko yametawanyika kotekote. Waliobaki wamegawanyika katika jeni nyingi kama IFITM5, SERPINF1, CRTAP, P3H1, FKBP10, WNT1, BMP1 na TMEM38B, na kwa wavulana hasa PLS3 iliyo kwenye kromosomu X. Kwa hiyo agiza paneli (kipimo kimoja kinachosoma jeni nyingi kwa pamoja) ya magonjwa ya mifupa dhaifu. Kabla ya kulipa, iulize maabara mambo manne:

1. Je, paneli inaona vipande vilivyopotea au kujirudia, au ni herufi mojamoja tu? Kama haioni, je, kuna MLPA (kipimo cha kuhesabu nakala za vipande vya jeni) ya kuongezea?
2. Je, inasoma IFITM5 c.-14C>T? Badiliko hili, ambalo ndilo chanzo cha OI aina ya V, liko kabla ya mahali protini inapoanzia. Vipimo vingi vya eksomu, yaani vinavyosoma eksoni za jeni zote, haviifikii sehemu hiyo.
3. Asilimia ngapi ya eneo husomwa angalau mara 20? Jibu linalokubalika ni 99 au zaidi.
4. Je, ALPL na PHEX zimo? Zikiwemo, paneli moja inajibu na swali la majirani.

Eksomu ina maana pale picha ya mtoto haifanani na kundi lolote, au paneli imerudi tupu. Ikiagizwa, iagizwe pamoja na sampuli za baba na mama. Bila wao orodha ya mashaka hurefuka na hakuna wa kuipunguza.

Ukoo nao una neno hapa. Kwa familia yenye asili ya Ghana au Nigeria, P3H1 c.1080+1G>T ni badiliko la kale la Afrika Magharibi: kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012, takriban asilimia 1.5 ya watu wa nchi hizo wanalibeba. Afrika Kusini, FKBP10 imeonekana mara kwa mara kwa wagonjwa weusi wenye OI kali. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki usikisie. Agiza paneli pana.

Hatua ya 4: Ridhaa, kabla ya sindano

Zungumza na wazazi wakiwa wameketi, si kwenye foleni. Wanatakiwa kuondoka wakijua kwamba jibu linaweza kuwa moja kati ya matatu: tumepata, hatujapata, au tumeona kitu ambacho maana yake haijulikani. Wajue kuwa wakipimwa wote watatu, kipimo kinaweza kufichua kwamba baba aliyepo siye mzazi wa damu. Kubaliana na maabara mapema jinsi habari hiyo itakavyoshughulikiwa, na umwambie mama peke yake, kabla, kwamba jambo hilo huonekana. Kwa eksomu, waamue kama wanataka kuambiwa magonjwa mengine yatakayojitokeza bila kutafutwa.

Taarifa za vinasaba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nchini Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nchini Tanzania. Sampuli ikienda nje ya nchi, fomu itaje nchi, maabara, muda wa kuitunza, na kama itatumika kwa utafiti. Utafiti una taratibu zake za vibali. Usiuchanganye na huduma ya mgonjwa kwa saini moja.

Hatua ya 5: Sampuli

Damu mililita 3 hadi 5 kwa mtoto mkubwa na kwa mzazi, 1 hadi 2 kwa kichanga, katika tyubu ya EDTA. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Usitumie tyubu ya kijani: heparini huvuruga kazi ya kuzidisha vinasaba. Andika majina mawili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili kwenye tyubu yenyewe, mbele ya mgonjwa. Tyubu tatu za familia moja zenye jina moja la ukoo hubadilishana kirahisi, na kosa hilo huonekana baada ya wiki kadhaa likiwa limevaa sura ya ugonjwa wa ajabu.

Damu hukaa joto la chumba siku 2 hadi 3, au kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 hadi wiki moja. Usiigandishe. Usiiache kwenye gari juani.

Aliyeongezewa damu asubiri wiki 2 hadi 4. Aliyepandikizwa uboho asipimwe kwa damu kabisa, kwa kuwa damu yake sasa ni ya aliyemchangia, na mate yake pia yamechanganyika; tumia kipande cha ngozi.

Mate yanafaa kwa mtoto anayeogopa sindano, au familia iliyo mbali. Asile, asinywe wala kupiga mswaki kwa dakika 30 kabla. Kwa anayenyonya subiri hadi saa nzima, kwani maziwa yana seli za mama, na maabara inaweza kumsoma mama badala ya mtoto.

Ufungaji ni wa tabaka tatu: tyubu, chombo kisichovuja chenye pamba ya kutosha kunyonya damu yote, na sanduku gumu la nje lenye alama ya UN 3373 (ya sampuli za kibayolojia), ambayo kampuni nyingi za usafirishaji huitaka. Tuma Jumatatu au Jumanne. Kifurushi cha Ijumaa hulala uwanja wa ndege.

Hatua ya 6: Fomu

Fomu ikiandikwa "mifupa dhaifu" tu, mchambuzi upande wa pili hana la kushika. Andika umri alipovunjika mara ya kwanza, idadi na mahali, hali ya macho, meno, masikio, urefu, matokeo ya ALP na fosfeti pamoja na viwango vya umri, na ukoo. Ukiweza, weka namba za orodha ya dalili ya HPO: HP:0002757 ni kuvunjika mara kwa mara, HP:0000592 macho ya samawati, HP:0000703 meno ya OI, HP:0002645 vijifupa vya fuvu. Programu za maabara hupanga mashaka kwa namba hizi. Ambatisha picha za eksirei.

Hatua ya 7: Kusoma majibu

Paneli huchukua kwa kawaida wiki 3 hadi 8. Yakifika, usianzie kwenye sentensi ya mwisho. Anza na jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha aina ya sampuli, kisha badiliko lenyewe.

Badiliko huandikwa mara mbili, kwa mfano COL1A1 NM_000088.4, c.1579G>T, p.Gly527Cys. NM ni namba ya nakala ya kumbukumbu, c. ni nafasi katika jeni, p. ni nafasi katika protini. Kuna njia ya haraka ya kukagua makosa ya uchapaji: gawa namba ya c. kwa 3 na uipandishe hadi namba nzima inayofuata, upate namba ya p. Hapa 1579 kwa 3 ni 526.3, kwa hiyo 527. FGFR3 c.1138 hutoa 380, ACVR1 c.617 hutoa 206. Visipolingana, piga simu maabara.

Ukitafuta badiliko hilo katika maandiko ya zamani ya kolajeni hutaliona, kwa kuwa wataalamu wa enzi hizo walihesabu kuanzia glisini (Gly, asidi amino mojawapo ya protini) ya kwanza ya msokoto wa kolajeni. Ongeza 178 kwa COL1A1 na 90 kwa COL1A2. Gly349Cys ya zamani ndiyo Gly527Cys ya leo. Mabadiliko mengi yanayodaiwa kuwa "hayajawahi kuripotiwa" yameripotiwa chini ya namba nyingine.

Aina ya badiliko husema mengi kuhusu ukali. Kolajeni ni msokoto wa nyuzi tatu, na kila asidi amino ya tatu lazima iwe glisini, ndogo kuliko zote, ndiyo pekee inayoenea katikati. Glisini ikibadilishwa na kitu kikubwa, msokoto hujengwa vibaya na mbovu huharibu nzima. Hapo hutoka OI ya wastani hadi ile inayoua kichanga. Badiliko linalokatiza jeni ya COL1A1 hufanya kolajeni iwe nusu kwa kiasi, lakini iliyopo ni nzima. Hapo huwa OI aina ya I, iliyo nyepesi. Kwa mzazi anayeuliza kama mtoto atatembea, huu ndio mwanzo wa jibu, ingawa ndugu wa familia moja wenye badiliko moja hutofautiana.

Kila badiliko hupewa daraja kati ya matano, kwa mfumo wa Marekani wa 2015: linasababisha ugonjwa, huenda linasababisha, halijulikani, huenda halina madhara, halina madhara. Mawili ya kwanza unaweza kuyafanyia kazi. La katikati ndilo linaloleta balaa. Hifadhi za kumbukumbu zimejaa watu wa asili ya Ulaya, hivyo herufi ambayo ni ya kawaida kabisa Singida au Kisumu inaweza kuonekana ngeni kwao ikatiwa daraja la "halijulikani". Usiitumie kuamua ujauzito, wala kuwapima ndugu wazima ili kuwaambia wana ugonjwa. Wapime wazazi: likiwepo kwa baba mwenye mifupa imara, linapoteza nguvu; likiwa jipya kwa mtoto na undugu umethibitishwa, linapata nguvu kubwa. Kipande cha ngozi kinaweza kuonyesha kama jeni inakatwa vibaya. Omba maabara ilitazame upya baada ya mwaka 1 au 2. Wengi hawafanyi hivyo wasipoombwa.

Jibu tupu halimaanishi mtoto hana ugonjwa. Rudi kwenye maswali manne ya hatua ya 3. Tafuta kipande kilichopotea, IFITM5, badiliko lililojificha ndani ya introni (sehemu zilizo kati ya eksoni), au eneo lililosomwa mara chache. Halafu jiulize swali gumu zaidi, kama ugonjwa uliokuwa unautafuta ndio wenyewe. Tazama ALP tena.

Hatua ya 8: Jibu linabadilisha nini

Kwa OI ya kolajeni, dawa za kundi la bisfosfoneti kama pamidroneti, zinazopunguza kumomonyoka kwa mfupa, zinaanza kwa uamuzi wa daktari hata kabla ya jibu. Usimcheleweshe mtoto kwa kusubiri karatasi. Masharti ni mawili: haipofosfatasia iwe imeondolewa kwa ALP iliyopimwa vizuri, na vitamini D na kalsiamu ziwe zimerekebishwa. Haipofosfatasia ina dawa yake, asfotezi alfa, na bisfosfoneti huizidisha. OI ya SERPINF1, aina ya VI, huitikia bisfosfoneti kwa unyonge, na kujua hilo huzuia miaka ya kuongeza dozi bila faida.

Osteopetrosisi, ambapo mfupa huwa mgumu kupita kiasi na bado huvunjika, inataka haraka kuliko yote. Mtoto mwenye kasoro ya jeni ya TCIRG1 anaweza kuokolewa kwa uboho wa kupandikiza kabla hajapoteza macho. Wa jeni ya TNFSF11 hanufaiki nao, kwa kuwa kasoro yake haipo kwenye uboho. Wa jeni ya OSTM1 ubongo wake huharibika hata uboho ukishika. Hapa kipimo kisingoje foleni.

Kuhusu mtoto mwingine: mzazi akiwa na OI ya COL1A1 au COL1A2, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 2. Kwa jeni fiche, wazazi wote wawili wakiwa wanabeba nakala mbovu, ni 1 kati ya 4. Wazazi wazima wenye mtoto wa badiliko jipya wasiambiwe kwamba haliwezi kurudi. Mmoja wao anaweza kulibeba katika sehemu tu ya mbegu au mayai yake, na damu isionyeshe. Hatari hiyo ni ya asilimia chache, si sifuri. Kwa XLH, baba mgonjwa huwapa mabinti wote na hampi mtoto wa kiume hata mmoja.

Pale sheria na huduma zinaporuhusu, sampuli ya kondo huchukuliwa kati ya wiki 11 na 14 za ujauzito, na maji ya uzazi kuanzia wiki 15. Maabara hufanya hivyo tu ikiwa badiliko la familia linajulikana tayari, kwa hiyo kipimo cha mtoto wa kwanza kikamilike kabla ya ujauzito wa pili.

Kichanga anayefariki, na familia isiyo na fedha leo

Hapa ndipo majibu mengi hupotea milele. Kichanga mwenye mbavu na mapaja yaliyovunjika tumboni akifariki saa chache baada ya kuzaliwa, omba ridhaa na ufanye mambo matatu: eksirei ya mwili mzima, mbele na pembeni, damu ya EDTA mililita 1 hadi 2, ya kitovu ikibidi, na kipande cha ngozi cha milimita 3 katika maji ya kukuzia seli au maji ya chumvi safi. Kisitiwe katika fomalini, kwa sababu seli hufa na vinasaba hukatikakatika. Dakika 20 hizi ndizo zitakazowajibu wazazi wakirudi baada ya mwaka kuuliza kama wajaribu tena.

Familia isiyomudu kipimo sasa haina sababu ya kupoteza sampuli. Tone la damu kwenye kadi maalumu, lililokaushwa saa 3 hadi 4 kivulini na kufungwa katika mfuko wenye kinyonya unyevu, hudumu miaka likiwa mahali pakavu. Vinasaba vilivyokwisha kutolewa hudumu zaidi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Andika kwenye fomu ya hifadhi nani ana haki ya kuidai sampuli, na nambari za simu za ndugu wawili, maana ya mzazi hubadilika.